Ndugu wa Ziwa Moja

Mwezi uliopita alifariki Bi Aziza wa Ghubra, hapa Maskati. Nilikwenda azaa kutoa rambirambi, nikakaa na wanawake wenzangu kwenye mazulia, nikala wali wa nyama na kusikiliza sifa zake. Walimsifu kwa ukarimu, kwa mkate wake wa kumimina, kwa kuwa hakuwa akimwacha mgonjwa yeyote wa mtaani bila ya kumtembelea. Hapana hata mmoja aliyetaja mbwa. Binti mmoja alipoanza kuuliza kama ni kweli bibi huyu alifuga mbwa ndani ya majlis, chumba cha wageni cha marehemu mumewe, shangazi yake alimkata jicho, akamsukumia sahani ya halua. Mimi hasira zangu ziko karibu, na pale nilikasirika, kwa sababu mwaka niliomjua Bi Aziza ulikuwa mwaka wa mbwa, na mambo niliyoyaona kwake sijayaona tena popote. Niliporudi nyumbani nikamtumia Daktari Nafula ujumbe wa sauti huko Kitale, anakoishi sasa na ng'ombe wake wa maziwa, nikamwambia Bi Aziza ametutoka. Akanijibu kwa sauti vilevile: pole sana, Mungu amrehemu. Halafu, jogoo akiwika nyuma yake, akauliza kama kile chumba bado kipo. Nikamwambia kipo, kimefungwa. Akasema sawa.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka masomoni na shahada ya udaktari wa mifugo, kichwa juu, nikitaraji kupewa ngamia wa mashindano na farasi wa wakubwa. Nilichopata ni kazi ya kumsaidia mtafiti wa Kikenya ambaye hakuna mtu niliyemjua aliyepata kumsikia, aliyekuja Maskati kuchunguza maradhi ambayo mbwa huyarithi kutoka kwa wazazi wao. Nyumbani kwetu majirani waliambiwa nafanya kazi "kwenye mambo ya damu", na hapakuongezwa ufafanuzi. Ofisi ilikuwa Khuwair ya Kusini, juu ya duka la mapazia, vyumba viwili tu: kimoja cha friji na mashine, kimoja cha meza ambayo asubuhi ilikuwa ya kazi na mchana ya chakula. Daktari Nafula alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa mikono, mkali wa maneno, aliyekwenda kanisani Ijumaa kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko, na aliyesonga ugali kwenye jiko dogo la umeme mpaka wauza mapazia wakapanda kuuliza kuna nini. Mimi nilileta samaki wa kupaka kutoka nyumbani, tukachanganya. Tulitaniana sana juu ya Kiswahili. Alisema mimi nameza nusu ya maneno. Yeye akisema "hiyo mbwa imelala", mimi humwambia mbwa amelala, daktari, si kabati. Alikuwa amekisoma Kiswahili shuleni mpaka juu, akijua misemo ya kitabuni ambayo hata mimi sikuwa nayo, na alijivunia hilo kwa haki.

Bi Aziza alituita yeye mwenyewe. Alikuwa amesikia kwamba kuna daktari wa mbwa anayezungumza Kiswahili, na nadhani Kiswahili ndicho kilichomvuta kuliko udaktari. Mbwa wake walikuwa saluki, wale wembamba wa kuwindia sungura, wa marehemu mumewe aliyekuwa hatulii mjini mwisho wa wiki. Majlis yake ilikuwa chumba kirefu chenye mlango wake wa uani, ili wageni wanaume waingie bila ya kupita ndani, na mito ya kukalia imezunguka kuta zote. Mume alipokufa wageni walikoma, na mbwa wakahamia mle kwa ajili ya kiyoyozi. Majirani walinung'unika, lakini Bi Aziza alikuwa na dera la mbwa, lililotundikwa uani, na nguo za sala ambazo hazikupata kuvuka ua, na kila akitoka kwa mbwa alioga na kubadilisha. Alituambia kwamba kuhusu nguo yeye na Mola wake wanaelewana, waliobaki wakae na roho zao. Alitukaribisha kwa kahawa na tende, yeye amekaa upande wake na dera lake, sisi upande wetu, na mbwa wawili wachanga wamejinyoosha katikati ya zulia. Mmoja dume, akiitwa Sahm. Mwengine jike, Shamsa. Mama mtu mzima, Barqa, alilala nje kwenye kizingiti, kwenye joto, na nilipouliza mbona haingii kwenye baridi, Bi Aziza alisema Barqa haingii humu tangu bwana afariki, na ukimvuta anakojoa.

Ilikuwa baada ya alasiri, jua limejaa dirishani, hapana kivuli hata kimoja mle ndani cha kusingizia. Tulikuwa tukizungumzia bei ya samaki. Sahm akanyanyuka, akasimama wima, akageukia ukuta ulio baina ya dirisha na mlango wa ndani, akatazama. Ukuta mtupu, rangi ya krimu, hapana picha, hapana mjusi. Nimeona mbwa wengi wakitazama ukuta. Hutazama chini wanapofuata mdudu, au juu darini. Huyu alitazama pale ambapo ungekuwa uso wa mtu aliyekaa kwenye mto. Hakutikisa sikio. Daktari Nafula alipiga makofi, akamwita, akampitishia mkono mbele ya macho, na Sahm akaendelea kutazama, mpaka mwenyewe akalala chini kana kwamba hapakuwa na kitu. Bi Aziza aliendelea kumimina kahawa. Akatueleza kwamba hivyo ndivyo wanavyoanza. Watoto wa Barqa wa uzao uliopita walianza hivyo hivyo, palepale, kisha wakawa wanagonga miimo ya milango, kisha wanatetemeka, kisha wakamsahau yeye mwenyewe aliyewalea, wakafa hata miaka miwili hawajaifika. Alikwishamleta shekhe akasoma. Yeye mwenyewe alikuwa hakai mle ndani ila akiwa na mgeni.

Hapo nilimpenda Daktari Nafula. Hakumcheka. Alivuta mto wake karibu, akamweleza taratibu kwamba kuna ugonjwa unaoozesha ubongo wa mbwa kidogo kidogo kuanzia kwenye macho, kwamba mbwa haoni kitu pale ukutani, bali macho na ubongo vimeachana na yeye amekwama katikati. Ugonjwa huu hurithiwa, akasema, na mtoto haugui mpaka apokee kasoro kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, zote mbili. Ndiyo maana Barqa ni mzima na watoto wake wanakufa. Bi Aziza alisikiliza, kikombe mkononi. Niliuona uso wake ukilegea. Akauliza, kwa hivyo ni maradhi tu? Daktari akasema ni maradhi, Mama. Kisha akaelekeza kidole kwa mbwa wawili, akauliza kama ni ndugu.

"Ndugu hasa," Bi Aziza akasema. "Tena wa ziwa moja."

Daktari akatikisa kichwa kwa kuridhika, maana msemo huo alikuwa nao tangu shuleni, na mimi nikatikisa changu. Kila mmoja wetu alisikia neno lile lile na kila mmoja akajaza alichokuwa nacho, na hapana aliyeona sababu ya kuuliza zaidi. Tukawatoa damu wote watatu, Barqa akilia kidogo kizingitini. Baada ya siku ile Bi Aziza alianza kukaa majlis tena. Alipeleka mle cherehani yake na redio, na tukienda kuwapima mbwa tulimkuta amekaa palepale, anashona foronya, Sahm anatazama ukuta, naye anamwambia pole baba, maradhi hayo.

Mashine yetu haikuweza kutoa jibu haraka. Kabla ya kujua nani anayo kasoro ilibidi tuijue kasoro yenyewe iko wapi kwenye damu, na kazi hiyo ilikula miezi, tukikusanya damu za saluki wa watu mpaka Yiti, nje ya mji. Wakati huo Sahm akaondoka polepole. Kwanza aliacha kupanda kidaraja cha uani, akisimama chini yake kama aliyefika ukingoni mwa kisima. Kisha akawa anazunguka meza upande mmoja tu. Siku moja Bi Aziza alimwekea wali na vichwa vya samaki, akamwita kwa jina, na Sahm akamngurumia. Bi Aziza aliingia jikoni, na mimi niliyekuwa nimekwenda kunawa mikono nikasikia nyuma ya mlango mazungumzo yake na mwanawe, Nasser, ambaye kazi yake ilikuwa serikalini na ambaye kila Alhamisi alipita kwa mamake kula chakula cha mchana kabla ya kwenda kwake. Nasser alikuwa akichanganya Kiarabu na Kiswahili kama alivyofanya kila alipochoka. Alisema ndugu zake Sahm wote amewabeba yeye kwenye gari, mmoja mmoja, kuwapeleka wakapigwe sindano ya mwisho, na kila mmoja aliutazama uso wake bila ya kumjua. Alisema huyu Sahm atambeba, halafu khalas, basi. "Shamsa akianza tu, mama, siku hiyo hiyo nampeleka. S'ngoji afike huku. Wallahi s'ngoji."  Nilisikia Bi Aziza akiosha sahani moja kwa muda mrefu sana.

Sahm akapelekwa. Shamsa alibaki peke yake kwenye zulia, na mama yule mzima bado analala nje. Nasser hakuwa mtu mbaya, na sitaki asomwe hivyo. Aliwapenda mbwa wale kuliko alivyotaka kuonyesha, na kila alipofika Shamsa alimwekea kichwa gotini, naye akijifanya anamsukuma. Ndiyo maana aliogopa. Na ndiyo maana Bi Aziza alipotupigia simu asubuhi moja sauti yake ilikuwa imekauka. Shamsa ameanza, alisema. Tangu jana alasiri, palepale. Hakumwambia Nasser, lakini Nasser atakuja kula Alhamisi na ataona mwenyewe, hilo halifichiki. Alimwomba Daktari Nafula kitu kimoja, amjulishe kabla ya Alhamisi kama Shamsa anao ugonjwa au hanao. Kama anao, atamwacha Nasser ampeleke. Kama hanao, atasimama mlangoni amzuie.

Kwa bahati ile kasoro tulikuwa tumeipata. Tukaiweka damu ya Shamsa kwenye mashine siku hiyo hiyo, na tulipokuwa tunasubiri tukala ugali. Jibu lilipotoka Daktari Nafula alilisoma, akalisoma tena, akatoka nje kwenye ngazi akasimama na wauza mapazia. Aliporudi akanionyesha. Shamsa hakuwa na kasoro hata moja, wala kutoka kwa baba wala kutoka kwa mama. Nikafurahi, nikasema tumpigie simu Bi Aziza. Daktari akanizuia mkono. Akanionyesha pale alipomlinganisha na Barqa. Mtoto yeyote, iwe wa mbwa iwe wa mtu, nusu ya vinasaba vyake ni vya mama yake, na nusu hiyo haifichiki. Shamsa hakuwa na nusu ya Barqa. Hakuwa na robo. Tukadhani tumechanganya chupa za damu, tukaenda Ghubra tukamtoa nyingine, mimi nikiishika chupa mkononi njia nzima mpaka ofisini. Jibu likatoka lile lile. Mle chumbani friji lilikuwa likinguruma na chini wanakata kitambaa, na Daktari Nafula, ambaye sikupata kumsikia akisema neno asilolipima, akasema, "Zuhura, huyu mbwa hana mama." Nilijua anachomaanisha, nami ni mtu wa sayansi, na hata hivyo nilisogea mbali na chupa ile.

Siku hizi ninayo kliniki yangu mwenyewe, paka wengi, mbwa wachache, na wateja wanakuja na majibu ya vinasaba kwenye simu, waliyoyapata kwa kutuma mate ya mbwa kwa posta. Wananiuliza hii asilimia ni nini. Nawaeleza. Na kila ninapowaeleza najizuia kuwaambia kwamba damu inajibu swali uliloiuliza tu, na kwamba swali lenyewe hutoka kinywani mwa mtu, kwa lugha ya kwao. Wangenihama. Wanataka kujua kama paka wao ana asili ya Uajemi, na mimi nawaambia anayo, kidogo.

Siku ya Alhamisi tulikwenda Ghubra mapema, ili tumtangulie Nasser. Bi Aziza alitupokea majlis, dera la mbwa mwilini, kahawa tayari. Shamsa alikuwa kwenye zulia. Daktari Nafula alianza kwa upole, akamwambia kuna jambo hatulielewi, akamuuliza kwa mara ya pili swali lile la kwanza: Shamsa na Sahm, si walizaliwa pamoja?

Bi Aziza akamtazama kama aliyeulizwa kama jua ni la baridi. "Wazaliwe pamoja wapi, mwanangu? Shamsa katoka Yiti, kaletwa hana hata macho, mamake kagongwa na gari. Barqa akamnyonyesha na wanawe. Nilikwambia ni wa ziwa moja. Sikukwambia wa tumbo."

Ikabidi mimi nimweleze Daktari. Kwake yeye ziwa moja ni mama mmoja, ndugu waliotoka mahali pamoja. Kwetu nyumbani linaweza kuwa hivyo, na linaweza kuwa maziwa tu, kwa sababu mtoto aliyenyonya kwa mwanamke ni mwanawe, na watoto wa mwanamke huyo ni ndugu zake, na hawaoani mpaka kufa. Bi Aziza aliwatilia hata mbwa hesabu hiyo. Alikuwa amekataa kumpandisha Shamsa kwa Sahm, na Daktari alimsifu kwa hilo, akidhani ni ujuzi wa ufugaji. Daktari Nafula akaanza kucheka, akafunika uso kwa mikono, akacheka mpaka machozi, na nikaona kwamba nusu yake si kicheko. Kisha akajifuta, akamshika Bi Aziza mkono, akamwambia kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba Shamsa ni mzima. Hana ugonjwa ule, hakuurithi, hawezi kuupata kesho wala mwakani. Nasser hana sababu ya kumpeleka popote.

Bi Aziza alisema alhamdulillah, na alilia, machozi yale ya mtu aliyekwisha kujitayarisha kwa jingine. Shamsa akaja akamlamba goti la dera. Nilifurahi kama niliyefaulu mtihani. Nilijaza vikombe mwenyewe. Nje tulisikia gari la Nasser likiingia, na Bi Aziza hakunyanyuka.

Na hapo, jua limejaa dirishani, Shamsa aliondoka gotini, akasimama, akageukia ukuta baina ya dirisha na mlango wa ndani.

 Daktari Nafula alisema kwamba labda ameiga. Mbwa mchanga anayelelewa na wagonjwa huiga mwendo wao. Lilikuwa jibu zuri, na mpaka leo ndilo ninalolitoa nikiulizwa. Bi Aziza alilipokea kwa adabu. Akasema kweli, anaweza kuwa ameiga. Kisha akasema, polepole, "Lakini wale walikuwa hawatikisi mkia."

Mkia wa Shamsa ulikuwa ukitikisika, taratibu, kama anavyomtikisia mtu wa nyumbani.

Mimi, kwa ukaidi wangu, nilinyanyuka na kikombe changu nikaenda kukaa palepale, kwenye mto ule, mgongo ukutani, nimkabili mbwa uso kwa uso na nimalize maneno. Nilitaka Bi Aziza aone kwamba hapana kitu. Nilikuwa na hofu, nalisema wazi, na nilikaa kwa ajili ya hofu. Shamsa hakunitazama. Akainamisha shingo upande mmoja, akachungulia pembeni ya bega langu, na mkia haukusimama. Nasser alikuwa ameshafika kizingitini, anamvuka Barqa, na alipoona mbwa anavyotazama alirudisha mguu nyuma. Akauliza kwa sauti ndogo, mbwa ana nini.

"Mzima," Bi Aziza akamjibu. "Daktari keshampima, hana maradhi, na hatoki humu ndani. Vua viatu uje ule."

Nasser hakusogea. Akauliza sasa kama hana maradhi anatazama nini.  Bi Aziza alikunjua dera lake juu ya magoti, akalilainisha kwa viganja, na sikuona tena hofu usoni mwake, wala furaha.

"Bora mbwa awe mzima," akasema. "Huyo mwengine anayemtazama tutakaa naye." Kisha akanigeukia mimi, kwa upole ule ule aliowakaribishia wageni wote. "Sogea kidogo, Zuhura mwanangu. Umemziba."

Nikasogea.